Nyasi bandia kwenye ua wa mfinyanzi: tathmini ya misimu miwili ya mvua, Lindi

Kapeti la nyasi bandia ninalolitathmini hapa lina majani yenye urefu wa milimita 35 yaliyoshonewa kwenye mgongo mweusi wa mpira wenye matundu, na nilinunua mita za mraba 56 mwezi Agosti 2023 kwa shilingi 28,000 kwa kila mita. Sikulinunua kwa ajili ya urembo. Nililinunua kwa sababu ua wa nyumba yetu, hapa Manispaa ya Lindi, ulikuwa haukaliki kuanzia Desemba hadi Mei, na muuzaji alinihakikishia kwamba nyasi hizo ndizo dawa ya tope. Limekaa msimu mmoja mzima likiwa limetandikwa juu ya udongo mtupu, na msimu mwingine mzima likiwa juu ya kokoto na bomba. Kapeti ni lile lile, lakini matokeo yametofautiana kiasi kwamba naona ni wajibu wangu kuyaeleza yote mawili kwa urefu, maana nimeshaona majirani wawili wakianza kuulizia bei ya kapeti kabla ya kuuliza jambo lingine lolote.

Nianze na udongo, kwa kuwa ndio ulioamua kila kitu. Wenzetu wengi wa Mtwara wamejenga juu ya kichanga, na mvua ikikatika kwao baada ya nusu saa unaweza kupita na viatu vya ngozi. Sisi tumejenga juu ya mfinyanzi mzito wa rangi ya kijivu, ambao ukiulowesha na kuuviringisha kiganjani unatoka kamba ndefu isiyokatika. Udongo wa namna hiyo una chembe ndogo mno zilizobanana, na maji hayana pa kupenya. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hukadiria kwamba mfinyanzi hunywa milimita 1 hadi 5 tu za maji kwa saa, ilhali kichanga hunywa zaidi ya milimita 30. Nilipochimba shimo la sentimita 30 uani, nikalijaza maji, nikayaacha yaishe, kisha nikalijaza tena jioni na kupima asubuhi baada ya muda wa saa kumi, maji yalikuwa yameshuka sentimita nne pekee. Hiyo ni milimita nne kwa saa, na humo mna na maji yaliyopenya kwenye kuta za shimo. Mvua moja ya jioni ya Januari inaweza kumwaga milimita 50 kabla ya adhana ya Isha. Mwenye kujua hesabu hizo mbili hahitaji kuambiwa kwa nini dimbwi letu lilikuwa likikaa siku tatu au nne.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuwa watoto. Mama yangu anafundisha chuo cha Kurani alasiri, na kwa miaka mingi watoto wamekuwa wakikaa uani juu ya mikeka, chini ya mwembe. Kila mvua ilipoanza walilazimika kubanana barazani, wengine wakisimama, na wadogo walikuwa wakiteleza na kurudi kwao na kanzu zilizojaa tope. Mama hakuwahi kulalamika, lakini nilimwona akipunguza idadi ya watoto kila Desemba, na nilijua anawarudisha kwa masikitiko.

Fundi wa kwanza alikuja Septemba, wakati udongo umekauka na kupasuka nyufa za kuingiza kidole. Alikwangua nyasi na magugu, akamwaga mchanga kidogo kusawazisha, akatandika kapeti na kulipigilia misumari pembeni kwa siku moja. Nilimuuliza maji yatakwenda wapi. Alinijibu, "Dada, nyasi zenyewe zina matundu, maji yatapita." Ni kweli yalipita. Yalipita kwenye matundu, yakakuta mfinyanzi, yakasimama hapo hapo. Msimu ule wa mwaka 2023 kuingia 2024 ulikuwa wa El Niño, na mvua zilikuwa nyingi. Kufikia Januari ukikanyaga kapeti ulikuwa unasikia maji yakitembea chini, na ukiinua mguu tope jembamba linachungulia kwenye matundu. Mama alilipapasa kwa mkono wake, akaniambia taratibu, "Mwanangu, hili kapeti limelala juu ya maji." Mbu waliongezeka, kwa sababu dimbwi lililokuwa likionekana na kukaushwa na jua sasa lilikuwa limefunikwa. Harufu ya uvundo ilianza Februari. Mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika upande wa Kilwa, sehemu ya chini ya kapeti letu ilielea kabisa, ikang'oa misumari na kukunjika ukutani.

Kiangazi kilipofuata nililikunja lote na kutazama chini yake. Udongo ulikuwa umefura wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua, kama mfinyanzi unavyofanya kila mwaka, na ule mchanga wa kusawazishia ulikuwa umemezwa wote na nyufa. Ndiyo maana kapeti lilikuwa na mabonde na vilima. Hapo ndipo nilipoanza kusoma na kuuliza kwa makini, jambo ambalo lilinipasa kulifanya kabla ya kutoa fedha.

Nyasi bandia hazikubuniwa ili kuondoa maji. Zilipata umaarufu mwaka 1966 katika uwanja wa Astrodome mjini Houston, Marekani, uwanja wenye paa ambao nyasi zake za kawaida zilikufa kwa kukosa mwanga baada ya vioo vya plastiki vya paa kupakwa rangi. Tatizo lililotatuliwa pale lilikuwa la mwanga. Hata katika viwanja vyetu vyenye nyasi hizo, kama Kaitaba kule Bukoba na Nyamagana kule Mwanza, kinachoonekana kwenye televisheni ni tabaka la juu tu. Kinachoondoa mvua ni mawe na njia za maji zilizopo chini. Kapeti lina kazi moja ya maana katika suala hili, nayo ni kumpa mtu mahali pa kukanyaga ambapo udongo haupandi juu. Maji yanahitaji kupewa mahali pa kukaa kwa muda na mahali pa kutokea, na vyote viwili haviuzwi pamoja na kapeti.

Fundi wa pili, mzee mmoja aliyezoea kazi za mitaro, hakutaka hata kuliona kapeti siku ya kwanza. Alitazama paa. Upande wa paa unaomwaga maji uani una mita za mraba zipatazo 60, na kwa mvua ya milimita 50 hiyo ni lita 3,000 zinazoongezwa juu ya lita 2,800 zinazoanguka uani moja kwa moja. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya maji yaliyokuwa yakitutesa hayakuwa ya uani hata kidogo. Tulifunga gata, tukayaelekeza maji kwenye simtanki la lita 3,000, na bomba la kumwagia ziada likapelekwa moja kwa moja kwenye mtaro wa mtaa. Ningemshauri yeyote mwenye ua unaotuama aanze na hatua hii peke yake kisha asubiri msimu mmoja, kwa sababu wapo ambao haitawalazimu kuendelea zaidi ya hapo.

Baada ya paa ndipo tukachimba. Tuliondoa udongo kwa kina cha sentimita 17 hivi, tukihakikisha hatushuki chini ya msingi wa nyumba wala wa ukuta, na sakafu ya shimo tukaipa mwinamo wa sentimita moja kwa kila mita, kutoka barazani kuelekea ukuta wa barabarani. Ua una urefu wa mita nane, kwa hiyo upande wa chini umezidiwa na wa juu kwa sentimita nane, tofauti ambayo macho hayaioni lakini maji yanaitii. Fundi aliipima kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, si kwa jicho, na alirudia kupima kila baada ya vibarua kushindilia. Sehemu hii ya kazi ilichukua siku nne na sioni namna ya kuifupisha. Ukikosea hapa, mwinamo ukaelekea nyumbani hata kwa sentimita mbili, basi utakuwa umejenga bwawa chini ya baraza lako.

Kwenye ukingo wa chini tulichimba mfereji wa sentimita 40, tukalaza bomba la plastiki la inchi nne lililotobolewa kwa drili, matundu yakitazama chini, limezungushiwa kitambaa cha kuchujia na kuzingirwa na kokoto. Matundu hutazama chini kwa sababu maji hupanda kutoka sakafu ya mfereji na kuingia kwenye bomba yakiwa yameacha mchanga. Pembeni tukajenga chemba ndogo yenye mfuniko ili tuweze kulisafisha bomba. Mdomo wake unatokea kwenye mtaro wa mtaa na umefungwa wavu kuzuia panya na nyoka. Kabla ya kutoboa ukuta tulizungumza na jirani wa chini na kumwarifu mwenyekiti wa mtaa, maana maji ya ua mmoja yasigeuzwe kuwa ugomvi wa nyumba ya pili.

Juu ya mfinyanzi tulitandaza kitambaa hicho hicho cha kuchujia, tukipandanisha vipande kwa sentimita 30, kisha kokoto za robo tatu ya inchi kwa kina cha sentimita 10, na juu yake kokoto ndogo za kusawazishia kwa kina cha sentimita 5. Kitambaa ni cha lazima. Bila hicho mfinyanzi uliolowa hupanda taratibu kati ya kokoto na kokoto huzama ndani yake, na baada ya misimu michache unakuwa umelipia zege la tope. Zingatieni pia aina ya jiwe. Mawe ya matumbawe ya hapa pwani ni rahisi kupatikana, lakini ni laini, na yakishindiliwa hutoa unga unaoziba nafasi. Tulinunua kokoto za jiwe gumu kutoka bara na tukakataa zile zilizochanganyika na vumbi, ingawa dereva alitueleza kwamba vumbi ndilo linalofanya sakafu ishikane. Kwa barabara ana haki. Kwa ua unaotakiwa kupitisha maji, nafasi kati ya kokoto ndiyo bidhaa yenyewe tunayoilipia. Chukueni hesabu ya ua wetu: mita za mraba 56 kwa kina cha sentimita 15 ni mita za ujazo 8.4, na theluthi moja hivi ya ujazo huo ni nafasi tupu, yaani karibu lita 2,800. Hicho ndicho kiasi kile kile cha mvua ya milimita 50 inayoanguka uani. Tabaka la kokoto linaipokea mvua nzima na kuitunza wakati bomba linaitoa kidogo kidogo, na ninaposimama juu yake mvua inaponyesha, najua kwamba maji yapo chini ya miguu yangu na kwamba yanakwenda.

Mwishoni kabisa ndipo lilipokuja kapeti. Tulikuwa tumechagua, kwa bahati nzuri, roli la upana wa mita nne, na kwa kuwa ua ni mita nane kwa saba, vipande viwili vya mita saba vilitosha bila kubakisha hata kipande na kwa kiungo kimoja tu. Pimeni ua wenu kabla ya kuchagua upana, kwa sababu kila kiungo ni mahali pa kuachia baadaye. Majani ya vipande vyote lazima yalale upande mmoja, la sivyo rangi huonekana mbili. Kiungo kimebandikwa kwa utepe na gundi siku kavu. Katika utandikaji wa kwanza gundi ilipakwa asubuhi penye umande na iliachia ndani ya mwezi. Tulikuta pia kwamba matundu mengi ya mgongo, ambayo yanapaswa kuwapo kila baada ya sentimita 10 hivi, yalikuwa yamezibwa na mpira kiwandani, na tukalazimika kuyatoboa moja moja kwa msumari wa moto. Hilo ni dosari ya bidhaa na ninaihesabu hivyo. Kabla ya kulipa, mwombeni muuzaji kipande, mkiinue na kukimwagia maji ndoo nzima mkiwa dukani. Mwisho tulipiga brashi mchanga wa mto uliooshwa na kukaushwa, kilo tano hivi kwa kila mita ya mraba, ili kapeti lipate uzito na majani yasimame. Mchanga wa ufukweni haufai, kwa kuwa una chumvi na vipande vya kombe, na ufukwe wetu unauhitaji kuliko sisi.

Kwa fedha, kapeti lilikuwa shilingi 1,568,000. Kokoto tripu mbili zilikuwa 900,000, vibarua wa kuchimba 350,000, mabomba matatu 135,000 na kitambaa 162,500, jumla 1,547,500. Gharama ya vilivyo chini ya kapeti ililingana karibu kabisa na ya kapeti lenyewe, nami sikuhesabu gata, simtanki wala malipo ya fundi mkuu. Anayewatajia bei ya kapeti peke yake amewatajia nusu ya habari.

Msimu wa Novemba 2024 hadi Mei 2025 ndio uliotoa jibu. Katika mvua kubwa maji yalionekana juu ya majani kwa dakika chache kwenye kona moja, kisha yakatoweka. Nusu saa baada ya mvua kukatika, mikeka ilitandikwa. Bomba liliendelea kuchuruzika mtaroni usiku kucha na wakati mwingine hadi kesho yake mchana, maji yake yakiwa safi kiasi cha kuona chini ya ndoo. Ufa wa ukuta wa barazani, uliokuwa ukipanuka kila mwaka, haukuongezeka msimu ule. Mama hakumrudisha mtoto hata mmoja.

Joto, hata hivyo, ni kasoro kubwa, na hapa kwetu si ya kuipuuza. Lindi ipo karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na jua hutupita utosini katika nusu ya pili ya Oktoba na tena kuelekea mwisho wa Februari. Plastiki hiyo isiyo na kivuli inaweza kuzidi nyuzi joto 60 mchana, na mtoto hawezi kuikanyaga peku. Kumwagia maji kunapoza kwa dakika chache tu, na Oktoba maji yenyewe ni ya kubania. Sehemu iliyo chini ya mwembe inakalika wakati wote. Sehemu iliyo wazi inakalika kuanzia saa kumi alasiri. Ningekuwa sina mwembe nisingelitandika.

Moto ni kasoro ya pili. Majani haya huyeyuka kwenye joto la nyuzi 110 hadi 130, na cheche moja ya mkaa ina joto mara kadhaa ya hilo. Katika msimu wa kwanza jiko lilimwaga makaa machache na kuacha doa jeusi gumu lenye ukubwa wa kikombe. Sasa jiko limehamishiwa kwenye sakafu ya saruji iliyo nje ya eneo la nyasi. Nyumba ambayo chakula cha shughuli zake zote hupikwa uani kwa kuni, masufuria ya pilau yakiwa kwenye mafiga, haitakiwi kutandika nyasi hizi mahali pa mafiga hayo. Vivyo hivyo kwa mahema ya harusi na misiba, ambayo vigingi vyake vitatoboa kapeti na kitambaa kwa pamoja.

Kuna mambo madogo. Mkojo wa paka huhitaji kuoshwa kwa maji mengi, majani ya mwembe yafagiliwe kila siku yasioze na kuziba matundu, na vipande vidogo vya plastiki hung'oka kadiri kapeti linavyochakaa, jambo ambalo linanisumbua kwa kuwa mtaro wetu unaishia baharini. Nimebadilisha wavu wa mdomo wa bomba nikaweka wenye macho madogo zaidi, na ninaukagua kila Ijumaa.

Niliulizwa na jirani kama angeweza kuacha kokoto wazi bila kapeti na kuokoa nusu ya fedha. Anaweza, na kwa upande wa maji hatapoteza chochote. Nyumba isiyo na watoto wa kukaa chini ingefanya vyema kuishia kwenye kokoto, au kupanda nyasi za Pemba juu ya tabaka la udongo wa kichanga lililowekewa bomba lile lile. Sisi tulihitaji mahali pa kukalia, na kwa hitaji hilo kapeti limenitosheleza, kwa sharti la yale yaliyo chini yake. Jirani ameanza na gata. Mwezi ujao, kabla ya mvua za Novemba, fundi atakuja kufungua chemba na kusukuma maji ndani ya bomba, kwa kuwa kwenye kona ile niliyoitaja nimeona mwishoni mwa msimu maji yakichelewa kidogo kuliko mwanzo, na nataka kujua kama ni bomba au ni kokoto ndogo zilizoanza kuziba kwa vumbi la mwembe.